Ufito wa Kuvulia juu ya Barafu

Kaskazini ya Minnesota, jimbo mojawapo la Marekani, liko ziwa liitwalo Red Lake, ndiyo kusema Ziwa Jekundu. Kwa kweli ni maziwa mawili yaliyoungana kwa mlango mwembamba, la juu na la chini, na eneo lao pamoja lapita kilometa za mraba 1,100. Kando yake wakaa Waojibwe, wenyeji wa kale wa nchi hiyo. Mwezi wa Desemba barafu hufunika maji, na watu hutembea kwa miguu mahali walipopita kwa mashua wakati wa joto.

Msomaji atatuuliza: Je, samaki hawafi? Hawafi. Maji huwa mazito kupita yote yakiwa na joto la digrii 4. Yakizidi kupoa huwa mepesi, hukaa juu, huganda na kuelea kama kifuniko cha chungu, na chini yake samaki huendelea kuishi. Mvuvi hupima barafu kwanza: kwa mtu aendaye kwa miguu, wakuu wa maliasili wa jimbo hushauri barafu mpya na safi yenye unene wa sentimeta 10 kwa uchache. Kisha hutoboa tundu kwa keekee kubwa, upana wa sentimeta 20 au 25, huketi kando yake na kutelemsha mshipi.

Samaki atafutwaye hasa aitwa wolai. Wakanada wasemao Kifaransa humwita doré, kwa ajili ya rangi yake ya dhahabu. Nyuma ya jicho lake mna utando urudishao nuru, kama jicho la paka, hata huona vema katika giza na huwinda zaidi jua likichwa na wakati wa alfajiri. Lakini katika baridi kali mwili wake hupunguza nguvu. Harukii chambo kwa fujo. Mara nyingi hukigusa tu, kama mtu abishaye hodi kwa kidole kimoja. Hapo ndipo ujulikanapo ufito mwema na ufito mbaya.

Basi, tuuchagueje? Kwanza tutazame urefu. Ufito wa mashua hapa haufai, maana mvuvi yu karibu sana na tundu. Ndani ya kibanda kidogo, sentimeta 60 hata 70 zatosha. Nje, penye nafasi, sentimeta 80 au 90 ni afadhali, kwa kuwa ufito mrefu husaidia kuvuta mshipi uliolegea.

Pili, ncha na kiuno. Ncha iwe nyepesi, ipate kuinama kwa mguso mdogo. Lakini kiuno kiwe kigumu, maana kinywa cha wolai kina mifupa na meno, na ndoana haiingii pasipo nguvu. Ufito uliolegea wote hauchomi. Ufito mgumu wote hauhisi. Mshipi wenye uwezo wa kilo 3 hivi wakubaliana vema na ufito wa namna hii.

Tatu, tuulize umetengenezwa kwa nini. Nyuzi za kaboni hupeleka mguso mpaka mkononi upesi, bali huvunjika kwa urahisi zikigongwa. Nyuzi za kioo hazihisi sana, lakini zavumilia kupinda na baridi. Tena vipete vipitishavyo mshipi viwe vipana, kwa sababu matone ya maji huganda ndani yake na kuuzuia mshipi.

Sheria ya Minnesota humruhusu mtu mishipi miwili akivua juu ya barafu. Kwa hiyo wengi huchukua fito mbili: wa kaboni mkononi, wakipandisha na kushusha chambo cha chuma, na wa pili, wenye ncha laini sana, huuweka juu ya kiegemeo, kisamaki hai kikiogelea chini. Huu wa pili hauna budi kuangaliwa daima, maana samaki akiachiwa muda atameza ndoana mpaka tumboni.

Jambo hilo si dogo, na Red Lake yenyewe ni shahidi. Tangu 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, samaki wake walivuliwa kwa nyavu ili wauzwe. Miaka ikapita, uvuvi ukazidi kiasi, hata katikati ya miaka ya 1990 wolai walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1997 Waojibwe wenyewe waliacha nyavu za biashara. Mwaka 1999 wakapatana na wakuu wa jimbo kuzuia kabisa uvuvi wa wolai, na vifaranga wengi wakatiwa majini mwaka huo, na tena 2001 na 2003. Mwaka 2006 ndipo uvuvi ulipofunguliwa, na kwa kipimo. Watu walikaa miaka saba bila kumtoa samaki huyo ziwani, ndipo akaongezeka tena.

Leo mgeni huvua upande wa mashariki wa ziwa la juu, nako sheria huweka hesabu ya samaki wa kuchukua na urefu wao. Waliobaki hurudishwa. Ziwa hilo si la kina, kwa sehemu kubwa halifiki mita 5, kwa hiyo samaki hapandi kutoka kilindini akiwa amevimba kwa hewa. Akishikwa mdomoni na kurudishwa upesi, kabla matamvua hayajaganda kwa baridi, ataishi. Akishikwa tumboni, huenda akafa hata akiachwa huru.

Kwa sababu hiyo twamshauri mnunuzi ajaribu hivi akiwa bado dukani. Afunge uzito mdogo kwenye mshipi, afumbe macho, aushushe polepole mpaka sakafuni. Ikiwa mkono wake watambua wakati uzito unapogusa chini, achukue ufito huo. Ikiwa hautambui, aurudishe, hata kama bei yake ni nafuu na rangi yake yapendeza.