Mwalimu wa Miezi Saba

Mto uteremkao kutoka ubavuni mwa Mlima Meru na kuikata barabara kuu ya Moshi na Arusha una maji ya rangi ya hudhurungi, na kwa rangi hiyo mji mdogo ulio kandokando ya barabara umepata jina la Maji ya Chai. Mgeni huyatazama maji hayo kwa shaka. Mwenyeji ajua kwamba rangi si hoja. Dhara la maji ya upande huo ni floridi, isiyoonekana kwa jicho wala kunusika kwa pua, ambayo huyatia doa la kahawia meno ya mtoto anayekua akiinywa. Huko Ngurdoto, jirani na hapo, kimewekwa kituo cha utafiti wa namna ya kuiondoa. Maji hayo, basi, hayahukumiwi kwa kutazamwa siku moja. Hukumu yake yataka miaka.

Jumamosi ya tarehe 28 Mei 2022, banda la kuoneshea mpira mjini hapo lilijaa watu hadi nje. Simba na Yanga zilikuwa zikicheza nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi katika uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Kwa watu wa Maji ya Chai mchezo huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwani fainali ilipangwa kuchezwa Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 25 tu. Miongoni mwa waliobanana bandani alikuwamo mtu mmoja wa makamo, mpenzi wa Simba, ambaye jioni huwafundisha mpira vijana wa mtaani. Timu yake ilikuwa imefungwa mara tatu mfululizo, na wazee walioichangia jezi walikwisha kumwita kikaoni.

Bao lilikuwa moja tu, tena la mbali, nalo lilitoka mguuni mwa Feisal Salum, kijana wa Unguja anayechezea Yanga wakati huo. Banda likagawanyika, nusu shangwe, nusu kimya. Siku tatu baadaye, tarehe 31 Mei, Simba ikatangaza kuachana na kocha wake Mhispania, Pablo Franco Martín.

Nani alikuwa mtu huyo? Alizaliwa Madrid mwaka 1980, na jina lake halikutangulizwa na sifa za uchezaji. Mwezi Februari 2015, Quique Sánchez Flores alipojiuzulu, Pablo alikabidhiwa Getafe ya ligi kuu ya Hispania, umri wake miaka 34. Timu haikushuka daraja. Hata hivyo, msimu uliofuata ilipewa mwingine. Msimu wa 2018/19 alikuwa msaidizi wa Santiago Solari katika Real Madrid, na Solari alipofutwa kazi Machi 2019, safari hiyo nayo ikakatika. Akaifundisha Al-Qadsia ya Kuwait, kisha Novemba 2021 akatua Dar es Salaam.

Aliyoyakuta hayakuwa mepesi. Simba ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, na mtu aliyezoea shibe hana subira ya njaa. Clatous Chama na Luis Miquissone walikuwa wamekwisha kuuzwa. Ligi ya mabingwa wa Afrika ilikuwa imewatoka mikononi kabla yeye hajafika. Pamoja na hayo, tarehe 13 Januari 2022, katika uwanja wa Amaan, Simba iliifunga Azam bao 1–0 kwa penalti ya Meddie Kagere na kulitwaa Kombe la Mapinduzi. Wasomaji wa visiwani wataukumbuka usiku ule. Katika Kombe la Shirikisho barani Afrika aliifikisha timu robo fainali, ambako Orlando Pirates iliwatoa kwa mikwaju ya penalti 4–3, baada ya kila upande kushinda 1–0 kwake. Dhidi ya Yanga katika ligi alitoka sare mara mbili bila bao. Lakini Yanga ilimaliza ligi ile bila kufungwa hata mchezo mmoja, na mbele ya hesabu hiyo kombe la Unguja halikuweza kumtetea.

Naam, klabu yaweza kusema ina haki yake. Mishahara ni mikubwa, washabiki ni wengi, na ubingwa ndio mkataba usioandikwa. Ila kuna haki nyingine, ya kazi yenyewe, ambayo haikomai kwa miezi saba. Fainali ile ilichezwa tarehe 2 Julai katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nayo Yanga iliishinda Coastal Union kwa penalti baada ya sare ya 3–3. Uwanja huo wabeba jina la mshairi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Sheikh Kaluta Amri Abeid alifariki mwaka 1964, kabla hajatimiza miaka 41. Umri wake ulikuwa mfupi, lakini kila anayehesabu mizani kwa vidole hadi leo ni shahidi wa kazi yake. Wangapi walioingia uwanjani siku ile walilijua hilo? Kazi ya mwalimu huendelea kuishi kwa watu wasiomtaja.

Mwaka 2023 Pablo alikwenda kuifundisha AmaZulu ya Durban. Mkoba wa kocha haufunguliwi wote. Nguo za chini hubaki zimekunjwa.

Yule mtu wa Maji ya Chai hakuwa na mkoba. Kikaoni wazee walimwuliza sababu ya kufungwa. Akajibu kwamba beki wake wa kushoto, mtoto wa miaka kumi na minne, ndiyo kwanza ameanza kuinua kichwa kabla ya kupiga pasi. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza hilo litachukua muda gani. Akasema hajui, labda miaka miwili.

Wakampa hadi mwisho wa mwaka. Jioni ile ile alikuwa uwanjani, akimrudisha mtoto yule palepale pa jana: inua kichwa, tazama, ndipo upige.