Mlango Haujifungi Wenyewe

Nakuandikia nikiwa Kitete, mjini Tabora, nyumbani kwa baba yangu. Nimekuja kwa mapumziko mafupi, na ndani ya begi langu mna rasimu ya mwongozo wa kufunga mfumo wa kompyuta wa kudhibiti milango na kufuatilia ving'ora katika taasisi moja ya elimu ambayo sitaitaja jina. Nimetakiwa kuipitia na kuweka saini kama mjumbe wa kamati. Mimi si mhandisi, nafundisha siasa. Nimeteuliwa kwa sababu wakubwa walipata kusikia kwamba niliwahi kufanya kazi hiyo ughaibuni nilipokuwa nasomea shahada ya uzamivu. Ni kweli niliifanya. Hawakuuliza niliifanyaje.

Baba alikuwa mlinzi wa getini hapa Tabora kwa miaka mingi. Vitendea kazi vyake vilikuwa rungu, tochi, filimbi, kitita cha funguo na daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Asubuhi alikuwa akiwasalimia watu "mwangaluka" mmoja mmoja, na katika kule kuitikiwa alikuwa tayari amekwisha kujua nani ni nani, nani ni mgonjwa, nani amelewa, na nani si wa pale. Sitaki kulipamba geti lake. Mtu aliyekuja na viatu vilivyong'arishwa alipita upesi kuliko mkulima aliyekuja na kandambili, na binamu zetu hawakuandikwa daftarini hata siku moja. Lakini aliyekataliwa alijua amekataliwa na nani. Angeweza kubishana naye, kumbembeleza, kumshtaki kwa mkubwa wake, au kumnunia sokoni Jumamosi.

Mji huu umeishi kwa mabishano ya getini tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilidaiwa hongo na watawala wa njiani, hasa kule Ugogo, na ilikuwa kawaida msafara kukaa siku kadhaa ukijadiliana idadi ya nguo na shanga. Karibu na mwaka 1860 Mnywasele, mtemi wa Unyanyembe, aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu waliokuwa hapa. Wakamwondoa na kumweka mwingine. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na vita ikapiganwa ambayo hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijikuta ndani yake. Ninayataja haya kwa sababu moja tu: katika kila tukio kati ya haya tunalijua jina la aliyeufunga mlango. Hakuna msafara uliowahi kuambiwa kwamba njia imejifunga yenyewe.

Leo kila mmoja wetu ameisikia sentensi hii dirishani mwa ofisi: "Mfumo umekataa." Wewe mtumishi wa umma unayenisoma, huenda umeitamka wiki hii. Nami niliitamka kwa mshahara, kwa Kiingereza, kwa miezi kumi na minne.

Ilikuwa katika jengo la chuo kimoja nchini Uingereza. Zamu yangu ilianza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nilikaa katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini nne. Mbili zilionyesha picha za kamera, ya tatu ramani ya jengo yenye vidoti vya kijani na vyekundu, na ya nne orodha ya matukio iliyokuwa ikiteremka bila kukoma. Kwa asiyeujua mfumo wa namna hii, ufanyaji kazi wake si wa ajabu. Kando ya mlango kuna kisoma kadi. Kadi ikisogezwa hutoa namba, namba husafiri kwa waya hadi kwenye kisanduku cha udhibiti kilichofichwa darini, na kisanduku hulinganisha namba hiyo na jedwali: je, imo, inaruhusiwa mlango huu, saa hii, tarehe hii? Jibu likiwa ndiyo, umeme wa sumaku iliyoushika mlango hukatwa kwa sekunde chache. Likiwa hapana, taa nyekundu huwaka na mstari mmoja huongezeka kwenye orodha. Basi. Mfumo haumjui mtu. Unajua namba, na katika mpangilio wa zamani wa biti 26 namba hizo ni 65,536 tu kwa kila msimbo wa taasisi. Tena kadi nyingi za zamani huitangaza namba yake bila kuificha, hata mwenye kifaa kidogo cha kunakilia aweza kuichukua akiwa amesimama nyuma yako kwenye foleni ya chai.

Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha ile na kujibu ving'ora. Hapo ndipo somo la kwanza lilipo. Vingi vilikuwa vya uongo: mlango umeachwa wazi kwa sababu mtu ameweka kiti, mlango "umelazimishwa" kwa sababu kitambuzi chake kimelegea, betri dhaifu, upepo. Wiki ya kwanza niliruka kitini kila kilipolia. Mwezi wa tatu nilikuwa nabonyeza "Nimeona" kabla sijaona. Mfumo ulihesabu kubonyeza kwangu kuwa ni kazi iliyofanyika, na ripoti za kila mwezi zilinisifu kwa wepesi wa kujibu.

Somo la pili lilikuja usiku wa siku ya mwisho wa mwezi. Kulikuwa na mama mmoja msafishaji, mzaliwa wa Bukavu, aliyeajiriwa kupitia wakala. Tulifahamiana kwa Kiswahili. Alikuwa akinipungia mkono kwenye kamera apitapo, nami nikimwashia taa ya ukumbini mara moja kama jibu. Usiku ule aliingia mlango wa nje saa tano na dakika arobaini, akasafisha vyoo vya ghorofa ya chini, kisha akafika kwenye mlango wa ndani saa sita na dakika chache. Taa nyekundu. Akarudi mlango alioingilia. Taa nyekundu. Mkataba wake ulikuwa umeandikwa ukomo wa tarehe ile. Ulikwisha kuhuishwa, ila hakuna aliyekumbuka kubadilisha tarehe kwenye jedwali. Saa sita kamili namba yake ilikufa akiwa ndani, katikati ya milango miwili.

Alibonyeza kitufe cha kuongea. Nikamwuliza namba ya kadi, kama nilivyofundishwa. Akacheka, akisema, "Kaka, si unaniona? Ni mimi." Nilikuwa namwona. Nilimwona mpaka rangi ya glavu zake. Nikamwambia mfumo unaonyesha kadi imekwisha muda, na kwamba utaratibu unanitaka nipate idhini ya msimamizi kabla ya kumfungulia mtu mwenye kadi isiyo halali. Nikampigia msimamizi. Hakupokea. Nikapiga tena. Ukutani pale alipokuwa kulikuwa na kisanduku cha kijani cha dharura ambacho angekivunja na mlango ungefunguka, lakini king'ora kingelia jengo zima na tukio lingeandikwa kwa jina lake. Alikitazama. Kisha akaipindua ndoo, akakaa juu yake.

Kwenye skrini yangu, ukigusa alama ya mlango ule, palikuwa na amri ya maneno mawili: "Fungua mara." Niliijua. Niliitumia kila wiki kwa profesa mmoja aliyekuwa akisahau kadi yake, bila kumpigia msimamizi yeyote. Mama yule alikaa pale dakika hamsini na mbili. Msimamizi alipopokea alisema, kwa sauti ya usingizi, "Bila shaka, mfungulie," akashangaa kwa nini nimemwamsha.

Alipopita mbele ya kamera hakunipungia mkono, wala hakunipungia tena hadi nilipoacha kazi. Asubuhi nilijaza ripoti ya zamu. Katika orodha ya matukio kulikuwa na mistari tisa ya "Kadi imekwisha muda", yote ya namba moja. Mahali pa maelezo niliandika kwamba hapakuwa na jambo lisilo la kawaida. Ripoti hiyo, nadhani, bado ipo mahali fulani, na kwa mujibu wa mfumo ni sahihi kabisa.

Nimejitetea kwa miaka mingi: nilikuwa mgeni, viza yangu ilitegemea tabia njema, ada ilikuwa inanisubiri. Yote ni kweli. Lakini ningekuwa getini kwa baba, na huyu mama akaniambia "ni mimi", nisingethubutu kumjibu kwamba rungu limekataa.

Sasa irudie nami rasimu iliyomo begini. Ibara ya 14 inasema: "Kadi ya mwanafunzi ambaye hajakamilisha ada itasitishwa na mfumo." Wanafunzi wangu wanajua jinsi ninavyowasumbua kuhusu sentensi ambazo mtendaji wake amepotea. Hii ni bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Nani atasitisha? Mfumo. Nani aliamua kwamba anayedaiwa asiingie maktaba wiki ya mitihani, ilhali fedha zake za masomo zimechelewa kwa sababu zisizo zake? Mfumo. Atakata rufaa kwa nani, saa tatu usiku, taa nyekundu ikiwaka? Hapo ibara inanyamaza. Kifaa kilichonunuliwa kwa hoja ya kuzuia wezi na magaidi kimegeuzwa mkusanya madeni, bila mtu yeyote kusimama na kusema kwa mdomo wake, "Mimi ndiye niliyekufungia."

Sipuuzi hoja ya usalama. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam liliua watu 11, na miongoni mwao walikuwamo walinzi wa getini, watu wa kazi ya baba. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya. Mjumbe aliyetaja Garissa kwenye kikao chetu hakuwa akitania, na ukumbi mzima ulinyamaza.

Ila Kenya hiyo hiyo ina Kyanguli. Mwezi Machi 2001, katika shule hiyo ya sekondari huko Machakos, wanafunzi 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Nakumbusha hili kwa sababu ya ibara ya 9, ambayo wajumbe wenzangu waliipitisha bila swali. Sumaku ya umeme huachia mlango umeme unapokatika. Kwetu umeme hukatika, basi mwandishi wa rasimu, akiwahofia wezi, ametaka mabwenini zitumike kufuli za aina ya pili, zile zinazobaki zimefungwa. Zipo kufuli za namna hiyo ambazo kitasa cha ndani hufungua daima, kwa mkono, bila kadi wala umeme, na hizo sina ugomvi nazo. Rasimu haisemi ni zipi. Inataja "zenye gharama nafuu".

Na kuna yale yanayobaki baada ya mlango kufungwa. Orodha ya matukio haifi. Inajua nani alikwenda kwenye ofisi gani, mara ngapi, aliongozana na nani, alitoka saa ngapi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka alama za kibayolojia kama vile vidole katika kundi la taarifa nyeti. Rasimu inapanga kutumia alama za vidole kwa wafanyakazi, na kuhusu muda wa kuhifadhi kumbukumbu ina neno moja: "kudumu". Ninyi wanaharakati mnaotembelea ofisi za wahadhiri wenu jioni, fikirini neno hilo.

Jana usiku nilimsomea baba ibara ya 14. Amezeeka, macho yamepungua, lakini bado husikiliza kama mtu aliye zamu. Tulikuwa uani, chini ya mwembe. Alitaka nirudie mara mbili, kisha akauliza:

"Huyo aliyekataliwa, anakwenda kugonga wapi?"

"Rasimu haijasema, baba."

"Na wewe kule kwa Wazungu, walikuwa wanagonga wapi?"

Sijawahi kumsimulia habari ya mama wa Bukavu. Nilimsimulia jana, yote, pamoja na profesa wa kila wiki. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama yule mama alikuwa na kitu cha kukalia, nikamwambia ndoo. Akatikisa kichwa, akaniaga kwenda kulala.

Treni yangu inaondoka kesho na kamati inakaa Jumatatu. Pembeni mwa ibara ya 14 nimeandika kwa kalamu nyekundu, "Na nani? Jina, cheo, namba ya simu, saa ishirini na nne." Pembeni mwa ibara ya 9 nimeandika "Kyanguli". Mahali pa saini pangu bado pako wazi.