Milimita Mbili Tu

Wasee, kuna maneno fulani ya gereji ambayo siku hizi nikiyasikia nashtuka: "Tutapanua tu kidogo."

Niliweka pesa miezi saba ninunue koilova za Subaru yangu. Kama hujui, koilova ni shoki na springi zilizounganishwa, zenye nyuzi za kuzungusha ili ushushe gari ama uliinue upendavyo. Sitadanganya ati nilikuwa nawaza kona. Nilikuwa nawaza picha.

Siku ya kufunga, mbele pakakataa. Kule chini, shoki hushikana na kile chuma kinachobeba gurudumu kwa bolti mbili nene. Bolti za gari langu zilikuwa milimita 14. Matundu ya koilova yalikuwa 12. Nilikuwa nimeagiza kwa kuangalia jina la gari tu. Sikuuliza mwaka, sikupima bolti. Hilo kosa ni langu, nalisema mapema.

Fundi akaniangalia. "Kijana, unarudisha ama tupanue?"

Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumapili nilikuwa nimemwahidi mathe kumpeleka Naivasha kumwona shosho. Nikasema, "Panua, fundi. Na tuharakishe."

Akachukua drili ya mkono. Biti ikaruka ruka, akamalizia na tupa. Tundu moja la juu likatoka kama yai. Nililiona. Nikanyamaza. Yeye akakaza nati kwa nguvu zake zote, akasema, "Hiyo itashika."

Ilishika hadi Jumapili. Tulikuwa tunateremka kuelekea Mai Mahiu, hatujafika lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nikakanyaga breki nyuma ya lori, nikasikia "tak!" Usukani ukavuta kushoto. Mathe akashika mlango kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, polepole, "Hiyo ni nini?"

Niliposimama kando, gurudumu la mbele kulia lilikuwa limeinama, kichwa kimeingia ndani. Upande mmoja wa barabara ni bonde. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hapo.

Gari lilibebwa hadi kwa mzee mmoja ambaye hutengeneza gari polepole hadi wateja wanamkasirikia. Akapima lile tundu kwa venia, akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kujua. Bolti haishikilii gari kwa kujaa ndani ya tundu tu. Kazi yake kubwa ni kubana. Ikikazwa kwa kipimo kinachotakiwa, vyuma viwili vinang'ang'aniana na msuguano ndio unazuia visiteleze. Kubana kukilegea, na tundu ni pana, chuma kinapata nafasi ya kutembea. Kikitembea pale juu, gurudumu linainama, na mwelekeo wake wa mbele pia unabadilika. Ndiyo maana usukani ulivuta.

Nikamuuliza, "Kwani watu wa mashindano si hupanua matundu makusudi?"

"Wanapanua," akasema. "Wanataka gurudumu liinamie ndani ili lishike kona. Lakini wanajua wamepanua kiasi gani, na wanapima tena baadaye. Wewe ulijua nini?"

Sikuwa na jibu, manze.

Vishikio vya chini vya koilova zangu hufunguka, kwa hivyo nilinunua kingine kipya. Kile cha upande wa pili tundu lake lilikuwa mviringo bado, akakikagua akakiacha. Kipya alikibana kwa jiliwa chini ya drili ya kusimama, akaongeza tundu hatua kwa hatua, 13 kisha 14, mwendo mdogo, mafuta yakitiririka. Kwanza alihakikisha chuma kinachobaki ukingoni kinatosha. Angeona ni chembamba, alisema, angenirudisha nyumbani na koilova zangu. Akalainisha kingo, akapaka rangi mahali palipobaki wazi pasishike kutu. Nati mpya, spana ya kipimo, kisha alainimenti. Ilichukua siku nzima.

Sasa, maoni yangu. Ni rahisi kumlaumu fundi wa kwanza, na kweli alikosea. Lakini alinipa nafasi ya kurudisha, mimi nikachagua haraka. Tunapenda kusema mafundi wetu ni wa kubahatisha, halafu tunasimama juu ya kichwa chao tukiangalia saa. Anayechukua muda tunamwita mwizi wa pesa.

Kabla ya kuagiza, fungua gurudumu upime bolti. Zikikataa, rudisha kabla hujagusa chuma, kwa sababu ukishatoboa hakuna duka litakalozipokea. Na ukiona tundu kama yai, sema hapo hapo, hata kama unaona aibu.

Gari sasa liko sawa, na picha nilipata. Lakini mathe bado, kila kabla ya kupanda, huinama akaangalia lile gurudumu la kulia kana kwamba anaelewa kitu. Mimi humngoja tu hadi amalize.