Oban, Mji Ulioitetea Lugha

Msafiri afikapo Oban, katika pwani ya magharibi ya Uskoti, huona bandari yenye meli ziendazo visiwani, na juu ya kilima ukuta wa mawe wa mviringo usio na paa. Lakini sifa kuu ya mji huu si mawe, bali ni maneno.

Sheria ya elimu ya 1872 haikuipa lugha ya Kigaeli nafasi yoyote shuleni. Kwa hiyo mwaka 1891 kiliundwa hapa chama kiitwacho An Comunn Gàidhealach, kusudi kuilinda. Mwaka 1892 kilifanya mashindano ya kwanza, yaitwayo Mòd, kwa siku moja tu. Siku hizi hufanywa kila Oktoba, leo mji huu, kesho ule, na huchukua zaidi ya juma zima. Wakubwa kwa watoto hushindana kuimba, kughani mashairi na kusimulia hadithi. Katika uimbaji, sauti hupewa alama zake na lugha alama zake. Sauti tamu peke yake haitoshi.

Bidii hiyo ilizaa matunda, kwani sheria ya 1918 iliagiza Kigaeli kifundishwe mahali kinaposemwa. Hata hivyo, wasemaji waliokuwa kama 254,000 mwaka 1891 walibaki kama 57,000 mwaka 2011, ingawa hesabu ya 2022 ilionyesha wameongezeka kidogo.

Ndugu msomaji, wimbo hufundishwa ukumbini, lakini lugha hulelewa nyumbani. Mzazi asiyeisema na mwanawe, hakuna chama kitakachomsemea.