Mguu wa Cherehani

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 20, najifunza ushonaji Ngamiani, Tanga. Ilikuwa Ramadhani, kanzu za Idi zimetujaa mpaka kwenye benchi la wateja. Homa ikaniingia usiku. Nikadhani malaria, nikameza klorokwini. Siku ya pili shingo ikakaza, mgongo ukaniuma hata kuinama sikuweza. Siku ya nne homa ikashuka. Nikashukuru, nikataka kwenda msalani, mguu wa kulia ukakataa.

Nzi alitua gotini. Nilimsikia akitambaa, nikajaribu kuutikisa mguu nimfukuze, wapi. Ilikuwa polio, nayo haiondoi hisia. Virusi vyake hushambulia neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli, basi mtu husikia kila kitu asiweze kufanya lolote.

Jirani waliokuja kunijulia hali walishangaa, maana kupooza walikujua kwa watoto. Ni kweli huwapata zaidi walio chini ya miaka 5, lakini mkubwa asiye na kinga haachwi. Virusi huingia kwa mdomo, kwa maji au mikono yenye uchafu wa choo, na kati ya watu 200 wanaoambukizwa hupooza kama mmoja. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya watoto. Mimi nilikuwa nimeshapita umri.

Hospitalini mama alichovya vipande vya khanga kuukuu kwenye maji ya moto, akanifunga navyo pajani mpaka misuli ilegee. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja asiyependa mzaha, kila asubuhi aliniambia, "Kaza, kaka. Ukiulaza leo, kesho hauamki." Nikakaza. Nilitoka na magongo mawili na chuma cha mguu kilichoshikizwa kwenye buti.

Fundi aliyenifundisha kazi hakunipa pole nyingi. Alinivutia kiti, akasema, "Mwanangu, cherehani haitaki miguu miwili." Nikaanza kukanyaga kwa kushoto. Pedeli ilirudi kinyumenyume, uzi ukakatika, nikatunga upya, ukakatika tena. Baada ya miezi kadhaa nilimaliza sare ya shule bila kufumua mshono. Baadaye vidole vya mguu wa kulia vikaanza kucheza, nikawa nauweka juu ya mwenzake ujifunze mwendo. Gongo moja nikaliacha. Watu wakasema nimepona, nami nikaamini.

Mwaka 2011 mguu wa kushoto, ule nilioutegemea kwa kila kitu, ukaanza kutetemeka. Jioni paja liliwaka kama limepigwa. Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Daktari akanieleza kwamba neva zilizosalimika huchipua matawi na kubeba misuli iliyoachwa yatima, kama fundi aliyeachiwa tenda za wenzake waliokufa. Miaka mingi baadaye nazo huchoka. Hata mguu niliodhani mzima huenda uliguswa tangu mwanzo. Dawa yake, akasema, mzee, ni kupumzika kabla hujachoka.

Kupumzika! Kukaza ndiko kulikonirudisha kwenye cherehani, sasa naambiwa niache. Ilinichukua mwaka mzima kukubali. Nilifunga mota kwenye cherehani, nikarudia gongo la pili, na saa sita mchana najilaza. Dada yule hakukosea wakati ule, wala daktari huyu hakosei leo. Mguu ni uleule, umri wake ndio mwingine.

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Februari 2022 virusi vyake vikapatikana Malawi, jirani zetu, na nchini kwetu wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba. Kwangu walifika asubuhi. Nilimpakata mjukuu wangu mwenyewe, akapewa matone yake mawili, akapakwa wino kidoleni, akarudi kuchezea vifungo vyangu. Wakibisha hodi kwenu, wafungulieni.