Babu Skoti wa Kijichi



Mhariri alituomba tuandike juu ya mwaka wetu wa uchungaji, na bila shaka alitegemea habari za mafundisho ya Kipaimara na semina za vijana. Hayo yalikuwepo, na yalikwenda kama yanavyokwendaga. Lakini kila tukikaa kuukumbuka mwaka ule, sisi wawili tunajikuta tunamzungumzia mzee mmoja ambaye hata si Mkatoliki.

Tulipangiwa parokia moja ya Temeke, upande wa Mtoni Kijichi. Jumamosi ya kwanza tulitoka alfajiri kwenda jumuiyani tukijisifu moyoni kwamba tutakuwa wa kwanza. Tukamkuta mzungu mrefu, mwembamba, amevaa kaptura na kandambili, anapanga mabenchi. Tukadhani ni padre mmisionari aliyestaafu. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre!" "Milele, amina," akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini mimi si Padre. Mimi ni mwenye mabenchi."

Jina lake hatutaliandika, ametuomba hivyo. Mtaani wanamwita Babu Skoti. Zamani walimwita Babu Mwingereza, naye akawa anasimama katikati ya njia kumrekebisha kila mtu, hata mtoto wa chekechea: si Mwingereza, ni Mskoti. Mama muuza chapati alipomwuliza kuna tofauti gani, alimjibu, "Wewe Mngoni. Nikikuita Mhehe utanuna au hutanuna?" Tangu siku hiyo jina likabadilika.

Ni mzaliwa wa Glasgow, mji ambao zamani ulisifika kwa kuunda meli kandokando ya mto Clyde. Ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba wanaijua MV Victoria. Iliundwa kule, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko. Babu hupenda kusema kwamba yeye na ile meli wametoka mtaa mmoja, ila yeye alikuja mzima. Alikuja miaka ya 1970 kama fundi wa injini za meli, kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ukaisha, yeye akabaki, maana alikuwa amempata mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kipogoro kutoka Mahenge. Walifunga ndoa ya mseto kanisani kwa ruhusa ya askofu. Yeye ni Mpresbiteri, na Mpresbiteri amebaki. Kila Dominika, miaka yote hiyo, alimsindikiza mkewe hadi mlangoni, kisha akakaa nje chini ya mwembe mpaka Misa iishe. Bibi alifariki miaka sita kabla hatujafika. Watoto wako mbali, mmoja Mwanza, mwingine ng'ambo. Wote wawili wamemwita, naye hakwenda.

Siku yake huanza na mvua. Hata kiangazi hutoka uani kabla ya jua kwenda kutazama kipimo chake, ambacho ni chupa ya plastiki aliyoikata shingo, na rula ya shule. Akiishapima huandika kwenye kaunta buku. Anazo nyingi, zimejaa sanduku la bati chini ya kitanda. Humo kuna mvua, saa umeme ulipokatika na uliporudi, bei ya fungu la nyanya, nani amejifungua, nani amehama, mbuzi wa nani amekula mchicha wa nani. Alitusomea ukurasa wa tarehe 29 Aprili 2009, siku ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala na watu wakakimbia ovyo na watoto wakapotezana na wazazi. Siku ile hakuandika habari za mabomu. Aliandika majina ya watoto wa mtaa mzima, mmoja mmoja, na kila aliyerudi nyumbani alimwekea alama ya vema. Alama ya mwisho ina saa pembeni: saa 7 usiku.

Mmoja wetu akagundua kwamba daftari za zamani ni za Kiingereza, na za miaka ya karibuni ni za Kiswahili. Tukamwuliza sababu. "Zamani niliandika Kiingereza ili mke wangu asisome," alisema. "Sasa naandika ili asome."

Sisi tulimkosea mapema. Jumamosi moja ilikuwa zamu yetu kufafanua Injili, na Injili ilikuwa ya Mchungaji Mwema. Tukalieleza zizi kwa urefu, nani yumo na nani yuko nje, mpaka na geti tukalijenga. Babu alisikiliza hadi mwisho, akapanga mabenchi yake juu ya toroli, akaenda. Mama mwenyekiti wa jumuiya akatuvuta pembeni: "Mafrateri wanangu, leo mmemfukuza nani?"

Wiki iliyofuata tulikwenda kurekebisha, tukaharibu zaidi. Tulimpelekea katekisimu. Alitupa chai ya maziwa, akalifungua lile kopo la biskuti ambalo watoto wote wa Kijichi wanalijua, kisha akaturudishia kitabu kwa mikono miwili. "Mama yangu alinipeleka kubatizwa siku ya theluji, amenibeba ndani ya koti la baba. Mnataka nikifika nimwambie alipotea njia?" Usiku ule tuliutafuta waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ule unaowaita ndugu wote waliobatizwa. Tulikuwa tumeufanyia mtihani. Wote wawili tulifaulu.

Tangu hapo tulikwenda kwake bila ajenda, na hapo ndipo alipoanza kutuchukua Kinondoni.

Bibi amezikwa makaburi ya Kinondoni. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Babu hutoka Kijichi kwa bajaji hadi Mtongani, hupanda daladala ya Kariakoo, hushuka, hupanda nyingine. Barabara ya Kilwa wakati huo ilikuwa imefukuliwa kwa ajili ya njia ya mwendokasi, kwa hiyo kwenda tu kulikula asubuhi nzima. Anabeba chupa mbili za maji na fagio la chelewa. Makaburi yale yamejaa kiasi kwamba unatembea kwa kuomba radhi, mguu huku, mguu kule. Vijana bado wanakuja kulitazama kaburi la Steven Kanumba aliyezikwa pale Aprili 2012, nao wakimwona mzungu na fagio huomba kupiga naye picha. Huwaruhusu, mradi kwanza wamsaidie kufagia.

Siku moja akiwa ameinama na fagio alituuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya nyanya: "Mafrateri, mimi nikifa, nani ataniombea? Kwetu sina tena mtu wa kunizika. Nataka kulala karibu na huyu, na ninyi mniimbie kama mlivyomwimbia yeye."

Hatukuwa na jibu. Tulimpelekea Paroko swali. Paroko akashusha kitabu cha Sheria za Kanisa za 1983, akatusomesha kanuni ya 1183: mbatizwa wa madhehebu mengine anaweza kupewa maziko ya Kanisa, kwa busara ya askofu wa mahali, isipokuwa ikijulikana kwamba mwenyewe hakutaka, na mradi mchungaji wake mwenyewe hapatikani. Habari ya nafasi ya kaburi ni ya manispaa, akasema, tusimwahidi mzee kitu. Halafu akakifunga kitabu. "Sheria ina nafasi. Nendeni mkaone kama jumuiya ina nafasi."

Tunaomba msomaji asidhani kwamba waliokataa walikuwa watu wabaya. Aliyesimama kwanza ni mzee mmoja wa UWAKA, mtu wa sala, tuliyemheshimu na tunayemheshimu. Kaka yake alifariki akiwa ameacha kushiriki jumuiya kwa miaka mingi, na alizikwa bila padre. "Tulimshusha kaburini sisi wenyewe na katekista," alisema. "Kaka yangu aliyebatizwa Mkatoliki, akapata na Kipaimara. Aliambiwa hana kadi. Leo mnaniambia huyu asiye na kadi apewe?" Wengine wakamuunga mkono. Mwingine akauliza mfuko wa msiba utatoaje pesa kwa mtu asiyechangia, na kesho si kila mpangaji atataka. Jua likachomoza, watoto wakaanza kulia njaa, na sisi tuliokwenda na kanuni ya 1183 mfukoni hatukuthubutu kuitoa.

Ndipo mweka hazina, mama mkimya ambaye kwa mwaka mzima hatukuwahi kumsikia akizungumza zaidi ya kusoma hesabu, akafungua daftari lake. Akaweka kidole kwenye jina la Bibi, yule marehemu. Mstari wake ulikuwa umejaa alama za vema, mwezi kwa mwezi, miaka yote sita tangu azikwe. "Babu huniletea kila tarehe moja," alisema. "Nilimwambia marehemu hachangii. Akaniambia, huyu bado ni mwanajumuiya, na hataki adaiwe. Nikaandika. Nilipaswa nikatae?"

Kimya kikawa kirefu. Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha wengi. Mama mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Yule mzee wa UWAKA hakucheka. Akasema, "Mimi sina neno tena juu ya Babu. Lakini kaka yangu je?"

Hakuna aliyemjibu vizuri, hata sisi. Jumuiya iliomba Misa kwa ajili ya kaka yake mwezi uliofuata, tukaenda wote, Babu chini ya mwembe wake. Lakini Misa si maziko, na mzee yule analijua hilo kuliko sisi. Tunaliandika hapa kwa sababu baadhi yetu tutakuja kuwa maparoko, na tutakutana na kadi hizo.

Mwezi wa Oktoba parokia ilifanya hija Bagamoyo, na Babu akapanda basi pamoja na jumuiya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, na pale umebaki mnara wa kanisa lao la kwanza, ambao watu wanauita mnara wa Livingstone. Watoto walipojua kwamba Livingstone naye alikuwa Mskoti wakamwuliza Babu kama ni ndugu yake. "Uskoti ina watu wachache," alisema, "lakini si wachache kiasi hicho."

Tulitegemea atamsifu mtu wa kwao. Alimpita haraka. Aliyotaka kutueleza ni habari za waliombeba. Livingstone alifia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza safari ya kuja pwani kwa miguu. Njiani iliwabidi waufungashe kama mzigo wa nguo, maana kuna vijiji ambavyo visingeruhusu maiti ipite. Walipofika Unyanyembe Waingereza waliokuwa pale wakawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mapadre Wakatoliki wakaupokea mwili wa yule Mprotestanti na kuulaza kanisani mwao. Kesho yake ukavushwa kwenda Zanzibar, na hatimaye akazikwa London mwezi Aprili. Chuma na Susi hawakuwepo kwenye maziko hayo. Walilipwa ujira wao wakaachwa pwani. Kati ya waliombeba, ni Wainwright peke yake aliyefika na mwili.

"Hapo ndipo huwa nakasirika," Babu alisema, na kweli alikuwa amekasirika, kama kwamba jambo lenyewe limetokea wiki iliyopita.

Mzee wa UWAKA alikuwa amesimama nyuma akisikiliza. Alimwuliza mwongozaji, "Mapadre walijua kwamba si Mkatoliki?" Akajibiwa kwamba walijua. Akauzunguka mnara peke yake, taratibu, mikono mgongoni. Aliporudi alikuwa na madafu mawili, moja akampa Babu. Wakanywa bila kuongea.

Babu aliandika ombi lake kwenye kaunta buku, sisi tukatia sahihi kama mashahidi, na Paroko akaandika barua kwa askofu.

Masika ilipoanza Babu akashikwa na nimonia, akalazwa. Tulipokwenda kumwona tulikuwa na mafuta ya kupaka midomo, uji, na sala tumeiandaa. Yeye alitaka jambo moja: mvua isipite bila kupimwa. Akatupa ufunguo.

Asubuhi ya kwanza tulitoka uani na rula. Milimita 47. Tukaandika. Umeme tuliujua, ulikuwepo. Baada ya hapo kalamu ikasimama. Miezi tisa tumekaa mtaa ule, tumebariki nyumba, tumesalisha watu, na hatukujua ni nani amejifungua nyumba ya tatu, wala kwa nini kulikuwa na turubai kwa fundi cherehani. Ikabidi tutoke tukaulize, nyumba hadi nyumba, na matope yale. Ukurasa wa siku moja ulituchukua mpaka saa 4.

Babu alikaa hospitalini siku kumi na moja. Aliporudi hakuuliza habari za nyumba wala za kuku. Alikaa kitandani na daftari, akasoma kurasa zetu zote kumi na moja polepole, akiguna. Akarudi ukurasa wa kwanza.

"Hii 47, mlitoa kwanza majani ndani ya chupa?"

Tukatazamana. Akachukua kalamu, akaweka alama ya kuuliza pembeni ya 47, akafunga daftari, akatuuliza kama kuna chai.