Apandaye Bila Kuona Mavuno

Watu wajapo kumpa pole mwenzao aliyefiwa, au aliyekaukiwa na shamba lake mwaka wa pili mfululizo, mara nyingi huja na maneno ya namna mbili. Wa kwanza humwambia, "Nyamaza, ndiyo mapenzi ya Mungu," kisha hunywa chai yake na kwenda zake. Wa pili hasemi neno mbele ya mwenye msiba, lakini akiisha kufika njiani humwuliza mwenziwe kwa sauti ya chini, "Je, huyu bwana alikosa nini?"

Wote wawili wamesahau habari za Ayubu. Rafiki zake walipoketi naye chini siku 7 bila kusema neno, walikuwa rafiki wa kweli. Walipofumbua vinywa vyao na kutaka kumthibitishia kwamba taabu zake ni malipo ya dhambi zake, waligeuka kuwa mzigo mwingine juu ya mizigo aliyokuwa nayo. Na mwisho wa habari ile, waliokaripiwa kwa kusema yasiyo kweli juu ya Mungu ni wao, wala si Ayubu, ingawa yeye ndiye aliyelia na kuuliza maswali makali.

Basi yafaa kuuliza: kumtumaini Mungu katika taabu ni kufanya nini hasa? Je, ni kunyamaza? Je, ni kungoja malipo? Mfano mmoja upo karibu, nao ni Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Watoto wa shule hufundishwa kwamba Krapf na Rebmann waliiona milima yenye theluji. Ni wachache waambiwao jinsi watu wale walivyolia.

Johann Ludwig Krapf, mtu wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza kiitwacho C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Huzuni haikuwa ngeni kwao. Mwaka uliotangulia, walipokuwa safarini katika nchi kavu iliyo karibu na Bahari ya Shamu, wakijaribu kurudi Ethiopia, Rosine alijifungua njiani kabla ya wakati wake, na mtoto yule wa kike hakuishi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi. Mwezi wa Julai 1844, mjini Mombasa, Rosine alijifungua mtoto wa pili, naye pia msichana. Homa ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba ile. Siku chache baadaye mama alifariki, na kitoto kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa iyo hiyo. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapitao njia walione kaburi lake na kukumbuka kwa nini alikuja. Likachimbwa huko, upande wa Nyali, na ukumbusho wake ungalipo.

Mtu angetazamia Krapf apande jahazi la kwanza na kurudi kwao. Hakufanya hivyo. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile lisiwe sababu ya kuiacha kazi, bali liwe alama kwamba kazi imeanza. Juni ya mwaka ule ule alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliendelea nacho, na sura 3 za kwanza zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847.

Lakini mwenye kufundisha zaidi juu ya saburi ni mwenzake, Johannes Rebmann. Yeye alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa kijana wa miaka 26. Mwezi wa Agosti, wawili hao walihamia Rabai, ambako wazee wa nchi walikuwa wamekubali kuwapokea. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa wameshikwa na homa, wakapanda kile kilima kwa shida kubwa. Hivyo ndivyo kituo kile kilivyoanza: si kwa baragumu, bali kwa watu wawili wagonjwa waliotweta njiani.

Wenzao waliokuja baadaye hawakudumu. Wagner alikufa mwaka 1849, muda mfupi baada ya kufika. Pfefferle akafa mwaka 1851. Krapf alidhoofika, akaondoka mwaka 1853. Erhardt aliondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki. Mwanawe wa pekee alifariki akiwa mchanga, na mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Mwaka 1857 mashambulio ya Wamasai yalimlazimu kukimbilia Unguja, akakaa huko kama miaka 2. Kisha akarudi Rabai kuanza upya. Kwa muda wa miaka ipatayo 29 hakurudi Ulaya hata mara moja.

Hata macho yake hayakuaminiwa. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika alichokiona. Wataalamu wa jiografia mjini London, na hasa Bwana Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hizi, walimdhihaki, wakasema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Ilipita miaka 13, hata mwaka 1861 msafara wa von der Decken ulipofika huko ndipo neno lake lilipopata mashahidi. Na macho yale yale yaliyoona kweli ambayo wakubwa waliikataa yalianza kuingia giza katika uzee wake, mpaka akawa kipofu.

Na mavuno je? Mtu wa kwanza wa Rabai kubatizwa alikuwa Mringe, kilema maskini, aliyebatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Baada yake alikuja mzee Abe Gunja, na wengine wa kuhesabika kwa vidole. Mkulima yeyote ajua maana yake: kulima karibu miaka 30, na kubeba nyumbani kikapu kimoja. Wageni waliopita Rabai walitazama, wakatikisa vichwa, wakaona kwamba kazi ile imeshindwa.

Je, Rebmann alifanya nini katika miaka hiyo yote? Alikusanya maneno. Siku baada ya siku aliketi na watu, akiuliza hiki kinaitwaje na lile hutamkwaje, akaandika Kiswahili, akaandika lugha ya watu wa Rabai, akaandika hata lugha ya watu wa Nyasa, aliyofundishwa na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, aliyekuwa ameletwa pwani kutoka mbali. Kamusi ile ya lugha ya Nyasa ilipigwa chapa mwaka 1877. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla yake.

Hapo ndipo fundisho la kwanza lilipo. Rebmann hakupewa jibu la swali "kwa nini?" Alipewa kazi ya siku, akaifanya. Watu wengi hudhani kwamba mwenye imani ni yule asiyehisi maumivu, ambaye uso wake hung'aa makaburini. Sivyo. Krapf na Rosine walimwita mtoto wao Chozi. Hawakulificha chozi lile mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Kulia si kukosa imani. Anayemlilia Mungu angali anaamini kwamba yuko asikiaye. Dalili ya imani si jicho kavu, bali ni mkono unaorudi kushika jembe asubuhi ya kesho yake, hali moyo ungali mzito.

Fundisho la pili ni kwamba kumtumaini Mungu si biashara. Katika biashara mtu hutoa shilingi kwa sababu aijua bidhaa atakayopewa. Wako Wakristo wamwekeao Mungu hesabu namna hii: nimetoa sadaka, nimefunga, nimeomba, basi sasa mwanangu apone na ng'ombe wangu wazae. Yasipotokea hayo, huona kwamba wamedhulumiwa, na wengine huacha kusali kabisa.

Ni kweli kwamba Rabai ilikuja kuwa na mavuno. Mwaka 1875 misioni iliwekwa upya, na watumwa waliokombolewa wakapewa makao Frere Town na Rabai. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka katika ushemasi Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler, na Jones akatumika Rabai. Mwezi wa Januari 1889 watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia katika vituo vya misioni walipewa hati za uhuru wao, na wengi wao walikuwa wakiishi palepale Rabai. Kilima walichokipanda wagonjwa wawili kilikuwa kimekuwa kimbilio la mamia ya watu.

Walakini mtu asije akasema, "Kumbe, mwisho mwema hulipa taabu yote." Rosine hakuuona mwisho huo. Rebmann hakuuona. Yule mtoto aliyezaliwa njiani hakuona lolote. Mavuno ya mwaka 1889 hayakuwarudisha wafu, na ni vibaya kumwambia mama aliyefiwa kwamba msiba wake ni mbegu ya faida fulani. Linaloweza kusemwa ni hili tu: asiyeona mavuno katika msimu wake hana haki ya kusema kwamba shamba limekufa, kwa maana si yeye mwenye shamba. Mvumilivu hula mbivu, walisema wazee. Lakini yuko pia mvumilivu ambaye mbivu zake zililiwa na wajukuu wa jirani, na uvumilivu wake haukuwa wa bure.

Fundisho la tatu ni juu ya dawa na akili. Wakati Rosine alipokufa, hakuna mtu duniani aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross, daktari aliyekuwa India, mwaka 1897. Hao wa 1844 walimtumaini Mungu pasipo kujua. Mtu wa siku hizi ajuaye, naye huacha maji yaliyotuama karibu na nyumba, hatundiki chandarua, tena humweka mtoto mwenye homa ndani siku 3 akisema, "Mungu atamponya," huyo hamtumaini Mungu, anamjaribu. Vivyo hivyo mkulima asiyechimba matuta wala kuweka akiba ya nafaka, kisha akaita njaa mapenzi ya Mungu. Hospitali, dawa, mbegu bora na ghala ni vipawa. Tumaini huanza kazi yake hasa pale ambapo mtu amekwisha kufanya yote yawezekanayo, na bado mtoto amekufa, na bado mvua haikunyesha.

Lipo la mwisho, nalo lawahusu wale wanaokuja kutoa pole. Mwaka 1875, Rebmann alipokuwa hawezi tena kuona njia, aliondoka Rabai kwenda kwao Ujerumani. Hakwenda peke yake. Aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mzee yule aliyekuwa miongoni mwa matunda machache ya Rabai. Kijana huyo wa Rabai alifuatana na kipofu yule kuvuka bahari hadi Ulaya, katika nchi asiyoijua na baridi asiyoizoea. Rebmann alifariki katika mji wa Korntal mwezi wa Oktoba 1876.

Wageni walipohesabu waumini wa Rabai, Nyondo alikuwa mtu mmoja tu katika hesabu, tena hesabu ya kuchekwa. Lakini kwa mzee asiyeona, mtu huyo mmoja alikuwa ndiye mkono wa Mungu wenyewe. Mtu aliye katika taabu huomba aonyeshwe kwamba Mungu hakumwacha, na mara nyingi jibu huja likiwa na miguu miwili: jirani aliyeleta kuni bila kuombwa, shemeji aliyepalilia shamba la mjane kabla magugu hayajashinda, karani mwenzake aliyefanya kazi ya mezani kwake juma zima ili apate kukaa matangani kwa amani.

Basi yeye aendaye kwenye nyumba ya msiba asijisumbue kutafuta maneno ya kumtetea Mungu, wala asichungulie dhambi za mwenye nyumba. Aketi chini kama rafiki za Ayubu walivyoketi mwanzoni. Kisha atazame ni kitu gani mwenziwe hawezi kukiona au kukifanya siku ile kwa sababu ya machozi, naye amshike mkono na kumwongoza.